Wastani Tuliojivunia Ikonge

Leo swali moja limeniumbua mbele ya wazazi wote.

Mkutano ulifanyika karibu na soko la Ikonge, kwenye vilima vya chai. Je, ile shule ndogo ya msingi ya bondeni ifungwe, watoto wake waje kwetu, shule ya mlimani?

Nikiwa mwalimu mkuu mstaafu, niliombwa nizilinganishe shule hizo mbili. Nikasoma matokeo ya mtihani wa darasa la nane ya miaka ya tisini, nilipokuwa nikiiongoza shule ya mlimani. Kila mwaka tuliwashinda. Makofi yakapigwa. Nikapendekeza ya bondeni ifungwe.

Ndipo akasimama Kwamboka, mchuma chai.

"Mwalimu, nilisoma kwako tangu darasa la kwanza. Mtihani niliufanyia wapi?"

Nikaanza kuyakunja makaratasi ya matokeo.

"Jibu, Mwalimu," mzee mmoja akasema. "Chaki unayo wewe."

Ilinibidi nikiri. Enzi zangu, mwanafunzi dhaifu alisajiliwa kufanyia mtihani bondeni ili asitushushie wastani. (Walimu wenzangu mnajua, hatukuwa peke yetu.) Barua za kuwahamisha nilizitia sahihi mimi.

"Wale wa bondeni walinipokea bila kuniuliza alama," Kwamboka akasema kwa upole. "Sasa binti yangu yuko huko, na hesabu zinamshinda. Mkiifunga, nimpeleke wapi?"

Hapo nikaliondoa pendekezo langu, nikawasihi wazazi wasiifunge shule ile. Wamekubali.

Ninyi niliowahamisha, mkiyasoma haya, niandikieni hapa chini.

Sitawajibu kwa hotuba, ila kwa kuwaomba radhi.