Dari ya Babu katika Stesheni ya Kisumu

Babu yangu alikuwa seremala. Ufundi aliupata kwenye misheni ya Asumbi, na katika kazi zake zote aliyojivunia hadi kufa ilikuwa moja: dari ya chumba cha kungojea cha daraja la kwanza, stesheni ya treni ya Kisumu. Enzi hizo za ukoloni chumba hicho kilikuwa cha Wazungu. Waafrika walingoja nje na mizigo yao. Babu aliingia mle kwa sababu alikuwa ameshika nyundo. Siku alipomaliza kazi alitoka, na hakuruhusiwa tena kukaa chini ya mbao alizozipigilia mwenyewe.

Bibi yangu, tuliyemwita Dani kwa Kijaluo, aliisikia habari hiyo tangu alipoolewa, ila stesheni yenyewe hakuwahi kuiona. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya kumzika babu, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Rodi Kopany. Shule zilipofungwa, Dani aliniambia, "Nyakwara, mjukuu wangu, nipeleke nikaone kama yule mzee alikuwa ananidanganya."

Tulipanda meli kwenye gati la Homa Bay, tukalala Kisumu kwa shangazi, na asubuhi tukaenda stesheni.

Nilitarajia jengo chakavu tu. Lakini tulipoingia kwenye jukwaa nilisimama. Paa lilienda mbali, limebebwa na nguzo za chuma zilizopangwa sawasawa, na kivuli chake kilikuwa baridi kama cha kanisani. Kuta zilikuwa nene, milango mirefu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na juu ya kila mlango palikuwa na matundu ya kupitisha hewa ya ziwani. Waliolijenga walijua joto la Kisumu. Dani aligusa nguzo moja baada ya nyingine akiguna kwa kuridhika, kama anayekagua ng'ombe sokoni.

Mkuu wa stesheni alitoka ofisini na kofia yake. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye maneno ya upole.

"Shikamoo, mama. Mnasafiri?"

Dani alijibu kwa Kiswahili chake cha soko la Ndhiwa. "Marahaba. Hapana safiri. Bwana yangu alipiga mbao hapa, ndani ya nyumba ya wazungu. Mimi nataka ona."

Nilianza kueleza, lakini yule bwana alishaelewa. Alirudi ofisini, akaja na funguo. Chumba kile kilikuwa kimefungwa muda mrefu na kilinuka vumbi. Alifungua dirisha moja, mwanga ukaingia.

Tuliinua macho. Mbao nyembamba zilitoka katika kila pembe zikakutana katikati kwa umbo la nyota, na maungio yake yalibana kiasi kwamba sikuona pa kupitisha ukucha. Rangi ilikuwa imebambuka, lakini hakuna ubao uliolegea. Sikuwahi kumwazia babu yangu, mzee wa kutengeneza vitanda na majeneza, kuwa mtu wa kubuni kitu kama kile.

Dani alikaa kwenye benchi la mvule. Kisha akavua viatu, akajilaza chali, mikono kifuani, akaitazama dari. Mkuu wa stesheni alivua kofia.

"Ni kazi nzuri, mama," akasema.

"Nzuri sana," Dani alijibu. Halafu akanigeukia, akaongea Kijaluo kwa hasira ya kweli. "Huku aliweka nyota! Nyumbani kwangu nilimwomba dari miaka yote ile, akasema mbao hakuna!"

Nilipomtafsiria mkuu wa stesheni, alicheka hadi akashika mlango. Dani naye akacheka, akiwa bado amelala, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni. Hakuyafuta.

Hatukumharakisha. Treni ya Butere ilipoingia, benchi lilitetemeka na vumbi kidogo likamdondokea usoni. Aliinuka, akavaa viatu, akatoka jukwaani. Akina mama walikuwa wakipandisha vikapu vya samaki, kondakta akiwahimiza. Dani alisimama katikati ya jukwaa, na treni ilipoondoka aliwapungia mkono abiria wote, dirisha kwa dirisha, kama mwenye nyumba anayeaga wageni.

Wengi walimpungia pia.