Kinyonga kwenye Ua wa Kaiyaba

Juzi mdogo wangu Wangari alinitumia video ya mjusi wa nchi za mbali, anayeruka kutoka mtini akielea kama jani linaloanguka. Nilikosa utulivu siku nzima.

Mawazo yalinirudisha nyumbani Gatitu, kwenye ua wa kaiyaba, vile vichaka vya miiba, tulioanikia nguo. Mama alikuwa na mimba ya huyo huyo Wangari. Katikati ya harufu ya sabuni, niliona jani likizungusha jicho. Kinyonga! Tulikuwa tumeambiwa kwamba mjamzito akimtazama, mtoto huzaliwa na macho kama yake. Nilipopepesa macho, alikuwa ameshapotea majanini.

Alasiri yote nilizunguka ule ua, nikishtuka kila upepo ulipopita. Mama alipokuja kuanua nguo, nilimzibia njia.

"Mami, rudi ndani! Mimi nitaanua."

"Ati wewe? Na hata hufiki juu!" Lakini alirudi, tena upesi.

Miaka yote hii nilijua macho mazuri ya Wangari ni kazi yangu. Jana nikamwonyesha Mama ile video, nikamsimulia habari ya yule kinyonga.

"Kumbe na wewe ulimwona?" akasema. "Mimi nilimwona asubuhi ya siku hiyo. Sikulala vizuri mpaka huyo mtoto alipofungua macho."