Bwana Mchoro na Mita Isiyoguswa

"Tisini na mbili! Mtoto kapata alama tisini na mbili za umeme, halafu cherehani inazima nyumbani ananitolea macho kama mgeni!"

Huyo ni mama fundi nguo, jirani yetu, kasimama katikati ya darasa la sayansi, mkono kiunoni. Mimi niko nyuma yake, nimeikumbatia hiyo cherehani ya umeme, nzito kama dhambi. Binti yake, mwenye tisini na mbili zake, yuko dawati la mbele anaomba ardhi ipasuke.

"Mama, tuko kwenye kipindi," mwalimu akasema.

Mwalimu ni mjomba wangu. Wanafunzi wanamwita Bwana Mchoro, na hawajamsingizia. Miaka kumi na tisa anafundisha, na kila kitu anakichora. Duara analipiga kwa mkono mtupu, ulipime ulivyotaka, halina kasoro. Ila kwake taa ikizima anaita fundi, kisha anasimama chini ya ngazi kumweleza umeme unapita wapi. Siku moja fundi akamwambia, "Basi panda wewe, mzee." Mjomba akakumbuka ana madaftari ya kusahihisha.

"Kipindi cha nini?" mama akauliza.

"Sayansi na jamii."

"Basi jamii ndiyo hii, imefika. Nina magauni kumi na mawili ya manesi, wanayafuata leo saa tisa. Wakiyakosa, kazi yao yote inahamia kwa yule fundi wa mtaa wa pili, na mimi nibaki kushona vifungo. Nitengenezeeni."

"Jamii tunaifikia ukurasa wa hamsini na sita, mama. Sasa hivi tuko arobaini na moja."

Hakuwa anatania. Mjomba hajui kutania.

"Si kuna mita, Mwalimu?" binti akasema polepole.

Darasa zima likageukia kabati. Pale shuleni kila kifaa kiko kwenye orodha, na kikivunjika mwalimu anaandika barua ya kujieleza. Mjomba akapata dawa: kisichoguswa hakivunjiki. Mita ya kupimia umeme ina miaka saba kabatini, ndani ya boksi lake, na ufunguo anautembeza shingoni. Wanafunzi wote wanajua kuichora. Wameichora kutoka ubaoni, na yeye aliichora kutoka kwenye picha ya boksi.

Mama akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Mwanamke anayeshinda na mkasi humkatalii mara mbili. Boksi likafunguliwa. Betri zilishavuja zamani, uchafu wa kijani umeila mita mpaka ndani. Imekufa haijapima hata waya mmoja.

"Lakini imetunzwa," mjomba akasema.

"Hata maiti hutunzwa, baba."

Binti alikuwa keshainuka. Akapanda kiti, akatoa betri kwenye saa ya ukutani. "Saa ya shule hiyo!" mjomba akapiga kelele. Hakuna aliyemsikia. Binti akachukua kibalbu kabatini na vipande vya waya, akaunganisha kama ule mchoro wa ubaoni, uzuri mchoro ulikuwa hauna kosa. Akaanza kupima waya wa cherehani, ambayo haijachomekwa popote. Uzi wa kwanza ndani ya waya, balbu ikawaka. Wa pili, kimya. Akaukunja kunja waya karibu na pedali, balbu ikakonyeza. "Umekatika hapa, mama. Ndani kwa ndani." Tukakata, tukaunga, tukazungusha tepu, tukachomeka. Mama akakanyaga pedali, cherehani ikanguruma. Darasa likalipuka kwa makofi.

"Saa ngapi?" mama akauliza. Wote tukaangalia saa isiyo na betri. Mmoja akachungulia kivuli nje, akasema saa sita na kitu.

"Nawahi. Kina nesi watanikuta."

Kijana wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii tuiandike?"

"Msiandike. Haitoki kwenye mtihani."

Akafuta ubao, akakunja chati yake, akaitia kwapani.

"Na wewe wapi tena, Mwalimu?" mama akamuuliza.

"Nina semina ya walimu. Kuunganisha sayansi na jamii." Akakung'uta chaki kwenye suruali. "Mimi ndiye mtoa mada."

Akatoka mbio mbio, asije akachelewa.