Ua la Mama na Paka wa Same

Miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, na mama mdogo, mke wa baba mdogo, aliithamini mali moja tu: gunia la mahindi lililokaa chumba nilicholala. Paka ndiye aliyelilinda. Baba mdogo alikuwa mashamba ya mkonge, harudi ila mara chache. Mimi nilikuwa nimeteremka kutoka Shighatini milimani kuja kusoma Same, mdomo mzito, rafiki sina.

Siku ya kuondoka nyumbani, mama yangu alinipa chipukizi la ua lake, mizizi imefungwa kwa ganda la mgomba. Majani ya kijani yana michirizi myeupe, chini zambarau, na jioni yanasimama wima. Nikalipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikaliweka uani juani. Kwetu kwenye ukungu kila kitu tunakitafutia jua, nguo, maharage, hata mtoto mchanga. Jua la Same likaliunguza kingo zote. Nikalihamishia chumbani, mbali na dirisha, nikawa nalimwagilia maji ya mvua, maana ya bomba yana chumvi. Nilikuwa nalisemesha Kigweno. Mama mdogo ni mtu wa Korogwe, Kigweno hakijui, angenijibu nini?

Siku moja natoka shule, nakuta jani jipya limetafunwa na paka anatapika mlangoni. Mama mdogo amesimama, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umeniletea sumu ndani?"

"Si sumu. Kwetu mbuzi wanalila."

"Mbuzi! Mbuzi si anakula hata kanga yangu? Huyu akifa, panya utawafukuza wewe. Kopo hilo nje, jalalani!"

"Tumwangalie mpaka kesho, mama. Tafadhali."

Sikuwahi kumwomba kitu kabla ya hapo. Alinitazama, akaenda jikoni.

Asubuhi paka alikula dagaa wake wote, akapita miguuni petu moja kwa moja hadi kwenye kopo, akang'ata ncha ya jani.

Mama mdogo akacheka mpaka akashika mlango. "Kumbe bwana mkubwa anataka mchicha! Haya, libaki. Lakini ni la paka hilo, umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Tangu siku hiyo majirani wakija huitwa chumbani waone mboga ya paka. Wanacheka, wanashika majani, wanauliza paka ana umri gani. Mimi nakaa kitandani na daftari langu la jiografia. Hakuna aliyeuliza ua limetoka wapi.