Kitenge cha Sare ya Kwaya ya Sigino

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza kitambaa hata kimoja. Bosi, mwenye duka la vitenge hapa Babati mjini, alinipa kipimo cha mbao na jora, yaani kitambaa kirefu kilichozungushwa kama kilivyotoka kiwandani. Akaniambia nipime, nikunje, nikunjue, nipime tena. Jioni akasema, "Mkono wako unavuta. Ukivuta kitambaa, mteja akifika nyumbani kimepungua." Elimu yangu ni darasa la saba, nikajua kesho sirudi. Nilirudi, naye akanipa kipimo kilekile.

Kutoka kaunta nilihamishiwa stoo, na kutoka stoo nikawa mnunuzi msaidizi chini ya Mnunuzi Mkuu, Mama Paskali. Kazi yetu ilikuwa kwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kuchagua mzigo. Ninyi vijana mnaagiza kwa picha za simu, na sisemi ni vibaya, mnaokoa nauli. Ila sisi kitambaa tulikishika kwanza.

Mama Paskali alinifundisha kwamba rangi haiaminiwi ndani ya duka. Taa huibadilisha, kwa hiyo kabla ya kununua unatoka na kitambaa juani. Pia alinikataza kushangaa. "Ukianza kuangalia maghorofa, wanajua wewe ni wa mkoani. Mkoba utaondoka wenyewe." Alisema kweli, nimeona watu wakilia pale. Lakini mimi nilipenda mno kuangalia: madirisha, nguo zilizoanikwa, watu wanaopigana vikumbo huku wakicheka. Nilikuwa naiba kidogo kidogo kwa jicho la pembeni.

Sasa, kwaya ya Sigino, hapa jirani na mji, ilikuwa inajiandaa kwa jubilei ya parokia. Wanakwaya wa zamani walikuwa na sare ya kitenge cha rangi ya damu ya mzee. Wapya hawakuwa nayo, na kwaya za huku mnazijua: asiye na sare hapandi mbele. Kati ya hao wapya alikuwepo Mama Basilisa, aliyeolewa Sigino akitokea kwa wafugaji kule Hanang. Sauti ya kwanza ilimtegemea yeye.

Mwenyekiti wa kwaya alituletea kipande cha sampuli. Akasema, "Kisipofanana, wapya watakaa kwenye mabenchi. Na Mama Basilisa nimemwona akilia tayari."

Bosi akanigeukia mimi. "Mama Neema, kazi ya sare hii ni yako. Ukileta rangi nyingine, unarudi kaunta."

Kariakoo tulizunguka mpaka viatu vikanibana. Kila duka jibu moja: hilo ua la kitenge limeisha, halitengenezwi tena. Mwisho muuzaji mmoja akatoa jora, akaliweka kando ya sampuli yetu chini ya taa. Vilifanana kabisa.

"Chukua, tumepona," Mama Paskali akasema. Alikuwa amechoka, mgongo ulikuwa unamsumbua, simlaumu.

"Tukitoe juani kwanza, dada."

"Jua liko wapi hapa? Huoni miavuli imeziba njia nzima?"

Muuzaji akacheka. "Hawa mama wa mkoani! Jua mmeliacha kwenu."

Nilitoka na ncha ya kitambaa nikitafuta mwanga. Ilinibidi niinue uso, nitazame kati ya maghorofa jua linapenya wapi. Nikalipata kwenye upenyo mdogo, na kile kitambaa kikageuka zambarau mkononi mwangu. Nikabaki nimeinua shingo kama mgeni kamili, nisijue la kufanya. Ndipo nikaona, roshani ya ghorofa ya tatu, kitenge kimetundikwa kukinga jua. Damu ya mzee. Ua letu.

"Dada, tazama juu!"

"Nimekuambia usi..." Akatazama. "Yesu wangu. Panda, mimi nabaki na mikoba!"

Nilipanda ngazi mbili mbili. Juu palikuwa na stoo, na kijana mwenye stoo akashangaa. "Shangazi, umepotea?"

"Sijapotea. Hilo pazia lako, majora yake yapo?"

"Hilo? Lina vumbi la zamani, hakuna anayeliuliza. Yamebaki mawili kule nyuma."

Niliyatoa hapo hapo roshanini, juani, nikalaza sampuli juu yake. Haikuonekana ilipoishia. Nikapiga vigelegele, na barabara nzima ya chini ikatazama juu!

Siku ya jubilei nilikaa na Bosi benchi la nyuma. Kwaya ilipanda mbele yote, Mama Basilisa katikati, akapaza sauti mpaka madirisha yakaitikia.

Bosi akaninong'oneza, "Wapya ni wepi?"

"Siwajui, Bosi. Sare ni moja."

Akacheka peke yake mpaka mahubiri. Mama Paskali alipostaafu, nafasi yake nilipewa mimi, nikaishika mpaka nilipostaafu. Sijui kama ilikuwa akili au bahati. Bila somo lake la jua nisingeinua uso kabisa.

Siku hizi nalima maharage Mutuka. Nikija mjini siku ya harusi naangalia nguo kwanza, bibi harusi baadaye, na huwa najiambia kwamba nusu ya mji huu nimeivalisha mimi. Pengine si nusu. Maduka ni mengi na wenzangu nao wamefanya kazi. Basi niseme robo. Hiyo robo sipunguzi.