Sungura wa Pasaka wa Kensington

Sikuzaliwa mjinga, lakini Johannesburg ilinifanya mjinga mara moja, na ilimtumia sungura.

Mwaka 2018 nilikuwa nashona nguo chumbani kwetu Troyeville. Mume wangu alikuwa mlinzi wa ofisi huko Randburg, na mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Kizungu wa Kensington, mpole, mwenye mapazia yasiyokwisha. Jumamosi ya kuamkia Pasaka nilimpelekea mapazia yake nikiwa na binti yangu wa miaka saba. Kwao Pasaka ni sungura: wa chokoleti madukani, wa karatasi madirishani. Siku ile alimpa mtoto wangu sungura mzima, jike la kijivu, ndani ya boksi lenye utepe wa njano.

Binti yangu alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Njiani aliniuliza kama tutamla, maana aliwahi kunisikia nikisifia mchuzi wa sungura wa utotoni mwangu.

"Uyu haiko wa kukula, mama," nikamwambia. "Uyu ni undugu."

Kwetu Kongo, kwenye vilima vya juu ya Bukavu, mtu hakupi mnyama jike aliye hai ili kukufurahisha tu. Akikupa, amekufungulia mlango wake. Wewe unafuga, jike la kwanza litakalozaliwa unamrudishia, na kuanzia hapo nyinyi ni ndugu: akifiwa unalala msibani kwake, nawe ukipatwa na shida unabisha hodi bila haya. Sikujua kama kuna mahali watu wanagawa wanyama kama pipi.

Mume wangu alicheka. "Muzungu hajue ile mambo ya kwetu."

"Atajua," nilisema. Mimi ni mbishi, na hilo limeniponza zaidi ya mara moja.

Kumbe sungura alikuja na mimba. Alizaa watano chini ya cherehani yangu, binti yangu akawa anawaamkia wao kabla ya kuniamkia mimi. Walipokua niliwageuza mmoja mmoja kutazama jike na dume, nikachagua jike zuri kuliko wote, nikalishonea mfuko kwa kitambaa kilichobaki, kisha nikavaa kitenge changu cha kanisani na kulipeleka Kensington. Mama yule alishangaa, akacheka, akanikumbatia. Nilirudi nyumbani nikitamba kwamba sasa nina ndugu mjini. Nilimtambia hata mume wangu.

Mwaka uliofuata, baridi ilipokuwa inaisha, watu wakaanza kuvunja maduka ya wageni. Spaza, kile kiduka cha mtaa wa pili kutoka kwetu, ilichomwa moto. Mume wangu hakuweza kuacha kazi, nami nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho sikutaka kiguswe. Asubuhi nikamshika binti yangu mkono. Wale wadogo tulikwisha kuwagawa, kwa hiyo alimbeba mama yao, tukaenda kwa miguu hadi Kensington.

Nilizungumza nikiwa nje ya geti. Nilimwomba amlaze mtoto siku tatu nne tu, hadi hali itulie. Mimi mwenyewe ningerudi kwangu.

Alinisikiliza hadi mwisho, machozi yakamlengalenga. Alisema anaumia sana, ila nyumba ina wageni na mumewe asingependa. Nikamuuliza habari za jike nililomrudishia, nikidhani hilo litamkumbusha sisi ni nani kwake. Alisema alimpa rafiki yake, maana lilikuwa linammalizia maua.

Kisha akamtazama binti yangu, uso ukamchangamka.

"Lakini sungura naweza kuwatunzia," akasema. "Hapa atakuwa salama."

Nilitaka kumtukana. Matusi yangu yote ni ya Kiswahili. Binti yangu hakuningoja. Alimbusu sungura masikioni, akampitisha katikati ya vyuma vya geti, akamwachia.

Tulishuka kurudi Troyeville. Karibu na robot, taa za kuongozea magari za barabara kubwa, akanivuta kitenge, akaniuliza kwa Kiswahili, kile nilichokuwa nikimlilia akiongee miaka yote:

"Mama, sasa sungura ndiyo iko ndugu yao?"

Kulikuwa na wanaume wamesimama ng'ambo. Nikamwambia atembee haraka, na asiongee Kiswahili barabarani.