Salamu za Mama Kwenye Kaseti

Juzi mjukuu wangu Neema alikuwa ananifundisha kuweka mfumo mpya wa Linux kwenye kompyuta yangu kuukuu. Skrini ikauliza kama tufute diski yote. Nikanyoosha kidole nibonyeze ndiyo.

"Babu, subiri! Picha za bibi umeshazihamishia kwenye flashi?"

"Bado. Si zitabaki humo humo?"

"Hazibaki, babu. Zikifutwa ndiyo basi."

Nikaurudisha mkono, nikaikumbuka alasiri moja ya utoto wangu, kijijini kwetu Kitanga.

Nyumba ilinuka mihogo iliyolowekwa. Baba alikuwa shambani, na redio yake ya kaseti ilikuwa mezani. Mama alipolazwa hospitali ya mbali alikuwa akiturekodia salamu kwenye kaseti, nasi tunamjibu kwenye kaseti ile ile. Ya mwisho ilifika akiwa ameshazikwa, na baba aliisikiliza kila jioni. Mimi niliona mama yumo ndani, anasubiri jibu. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, nikamsalimia kwa Kiha, nikamweleza kwamba mbuzi amezaa, nikamwimbia mpaka utepe ukaisha.

Baba aliporudi alinawa mikono, akawasha redio. Ikatoka sauti yangu. Hakunigombeza. Alisikiliza hadi mwisho, akageuza upande wa pili kuitafuta sauti ya mama, nako hakukuwa na kitu.

"Umeongea mpaka utepe ukaisha?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba. Sasa mama atajibu lini?"

Baba alitoa betri, akazipanga mezani moja moja, asinitazame.